Upepo unaorudi nyuma: kisa cha gari-nyumba lililopita Uyole

Malalamiko yalikuwa mafupi. Draya, kile kikausha upepo wa breki, inatema upepo kila baada ya nusu dakika hivi, gari likitembea au likisimama, breki ikikanyagwa au isikanyagwe. Geji mbili za dashibodi hazitikisiki. Gavana, valvu inayoamuru kompresa ianze au iache kusukuma upepo, ilikwisha kubadilishwa huko walikotoka, filta ya draya nayo ikabadilishwa, sabuni ikapakwa kwenye kila fitingi ambayo mkono unaifikia, na hali ikabaki vilevile. “Fundi, hili gari lina mafua,” dereva aliniambia. “Tangu mpakani Kasumulu mpaka hapa Uyole linapiga chafya tu.”

Ni gari-nyumba. Chini ni chasisi ya lori la Kimarekani la ekseli mbili. Juu wamejenga nyumba kamili yenye vitanda, jiko, choo, matenki ya maji, na jenereta imekaa nyuma kabisa. Wenyewe ni mzee na mkewe, wastaafu wa Afrika Kusini, waliokuja kwa njia ya Malawi, wakapandisha Tukuyu, na walikuwa wanaelekea Iringa wakaone Isimila na Ruaha kabla ya kushuka pwani. Upande huu wa mpaka walimchukua dereva Mtanzania, kijana wa Iringa aliyekulia kwenye malori. Hilo lilinisaidia sana, maana kupima upepo kunataka watu wawili wanaoelewana: mmoja yuko chini ya gari kwenye koki ya kumwagia mtungi, mwingine yuko kwenye geji.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu barabara yetu haina huruma na breki. Ukitoka hapa Uyole, Mbeya, kuelekea Makambako kuna Mlima Nyoka, ukielekea Tunduma kuna mteremko wa Iwambi, na ukivuka Iringa inakusubiri Kitonga. Na sisi mafundi wa upepo tumezoea kutafuta upepo unaotoka nje: tunasikiliza, tunapaka sabuni, tunaona povu, tunakaza. Upepo unaorudi nyuma ndani kwa ndani, kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, hautoi povu popote. Ndio uliokuwa ugonjwa wa gari hili, tena sehemu mbili, na ile sehemu ya hatari zaidi haikuwa ile waliyokuwa wanailalamikia.

Kwanza tukubaliane mfumo wenyewe umepangwaje. Kompresa inasukuma upepo wa moto, wenye unyevu na mvuke wa oili, kwenda kwenye draya. Draya inakamata maji, upepo mkavu unaingia mtungi wa kwanza. Kutoka mtungi wa kwanza njia inagawanyika: tawi moja linakwenda mtungi wa breki za nyuma, jingine mtungi wa breki za mbele. Mlangoni mwa kila mtungi wa breki kuna chekivalvu, yaani valvu ya njia moja: upepo unaingia, haurudi. Chekivalvu nyingine iko kwenye mlango wa kutokea wa draya. Gavana inasoma shinikizo la mtungi wa kwanza. Likifika PSI 125 hivi (PSI ni pauni kwa inchi ya mraba), inapeleka upepo wa amri sehemu mbili kwa mpigo: kwenye kompresa ili iache kusukuma, na kwenye valvu ya chini ya draya ili ifunguke imwage maji. Likishuka hadi PSI 100 hivi, gavana inaiondoa ile amri, valvu ya draya inafunga, kompresa inaanza kusukuma upya. Kwa waliozoea geji za bar, hiyo ni kama 8.6 juu na 6.9 chini.

Geji za dashibodi kwenye gari hili zinasoma mitungi miwili ya breki. Mtungi wa kwanza hauna geji. Kumbuka hilo, kwa sababu waliotangulia walikwama hapo.

Kabla sijagusa kitu nilikinga matairi mbele na nyuma, na nikaweka stendi za chuma chini ya chasisi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa vijana wanaojifunza. Gari la saspenshi ya upepo linakaa juu ya mipira iliyojaa upepo, na ukiwa chini yake unafungua fitingi, mpira mmoja ukiishiwa, chasisi inashuka palepale na nyumba yote iliyo juu yake. Jeki peke yake haitoshi. Na hendibreki ya springi inaachiwa kwa upepo. Ukiiachia ili upime, hakuna kinachoshika gari isipokuwa yale magogo uliyokinga.

Kipimo cha kwanza ni cha kawaida. Jaza mpaka gavana ikate, zima injini, achia hendibreki, subiri dakika moja ukitazama geji. Kwa gari lisilo na tela, kipimo kinachotumika Marekani kinaruhusu kushuka PSI 2 kwa dakika. Ukikanyaga pedeli na kuishikilia, PSI 3. Mshale wa mbele haukusogea. Wa nyuma ulishuka unywele tu, ndani kabisa ya kiwango. Nilizunguka kila busta, kile chungu cha upepo kinachosukuma breki ya gurudumu, huku dereva akishikilia pedeli: kimya. Angekuwepo mpira uliotoboka upande wa breki ya mguu, ungesikika pedeli ikikanyagwa. Ungekuwa upande wa springi, ungesikika hendibreki ikiachiwa. Hakuna.

Kwa karatasi, basi, gari limefaulu. Na draya bado inatema.

Nilifungua koki ya mtungi wa kwanza, nikamwaga upepo wote, nikafunga geji ya kupimia pale. Tukawasha injini. Mshale ukapanda mpaka 125, draya ikatema, na papo hapo geji yangu ikaanza kushuka kwa kasi: 120, 115, 110. Huko juu dereva anasema zake zote mbili ziko 125 na zimetulia. Geji yangu ikafika 100 hivi na kusimama. Kompresa ikaanza kusukuma, ikafika 125 kwa sekunde chache, draya ikatema, safari ya kushuka ikaanza tena.

Mambo mawili hapo yanasema yote. La kwanza ni kule kusimama kwenye 100. Tundu la kawaida kwenye hosi au fitingi haliwezi kujua shinikizo ni ngapi. Lingeendelea kuvujisha mpaka mtungi uishe. Kinachojua 100 kwenye gari zima ni gavana. Kwa hiyo huu upepo unatoka kwa njia ambayo gavana inaifungua ikifika 125 na kuifunga ikifika 100, na njia ya namna hiyo ni moja tu: valvu ya chini ya draya. La pili ni kule kujaa haraka. Kompresa haiwezi kupandisha mfumo mzima PSI 25 kwa sekunde chache, hasa huku kwetu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa tunayovuta ni kama asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam. Kila pigo la kompresa linabeba hewa pungufu kwa kiasi hicho. Ikijaa upesi hivyo, maana yake inajaza mtungi mmoja tu, ule wa kwanza, kwa sababu mitungi ya breki bado imejaa nyuma ya chekivalvu zake.

Gavana nayo ikajitoa lawamani hapohapo. Inakata 125, inarudisha 100, tofauti ya 25. Hiyo ni gavana isiyo na ubovu. Naelewa kwa nini waliitoa ya kwanza, maana kompresa inayowaka na kuzima haraka mara nyingi ni gavana yenye tofauti finyu. Lakini bila geji kwenye mtungi wa kwanza huwezi kujua, na kubadilisha spea kwa kubahatisha kunamtoa mteja hela na kumwacha na ugonjwa wake.

Imebaki kuamua kati ya vitu viwili ndani ya draya: ile valvu ya chini haifungi vizuri, au chekivalvu ya mlango wa kutokea haizuii. Vyote viwili vinatoa upepo mahali palepale, chini ya draya, mahali ambapo kila mtu anategemea upepo utoke. Sabuni haisaidii kitu hapo. Kinachovitenganisha ni wakati. Valvu ya chini ikiwa mbovu, upepo unatoka hata kompresa inapojaza. Chekivalvu ikiwa mbovu, wakati wa kujaza pako kimya, kisha valvu ya chini inapofunguliwa na gavana, upepo wa mtungi wa kwanza unageuka, unapita draya kinyumenyume na kutokea chini. Draya isiyo na ubovu inatema kwa kishindo, ikifuatiwa na mnong’ono wa nusu dakika hivi unapotoka ule upepo wa kukausha filta, halafu basi. Niliweka kiganja pale chini wakati wa kujaza: hakuna kitu. Ilipokata, upepo ukaja kwa nguvu na haukukoma mpaka geji ilipogusa 100.

Nikataka uhakika mmoja zaidi kabla ya kufungua. Tulishusha mpaka 90, tukawasha, na geji yangu ilipofika 110 nikamwambia dereva azime. Gavana haijafika kwenye kukata, kwa hiyo haijatoa amri, valvu ya chini imefungwa. Mshale ukabaki 110. Tukanywa chai, tukarudi, 110. Washa tena, acha ifike 125, zima: ukaporomoka mpaka 100 na kusimama. Hii ndiyo sababu wenye gari walikuwa wanasema asubuhi nyingine upepo upo na nyingine umepungua. Ilitegemea injini ilizimwa shinikizo likiwa wapi.

Chekivalvu ya draya ni kitu kidogo: kipande cha mpira, springi, na kiti kinachokaliwa na mpira. Nilipoitoa, chini ya mpira palikuwa na tope jeupe-kijivu lililogandana, gumu kama chokaa ukilisugua kwa kucha, na ukingo wa mpira ulikuwa umeingia shimo pale ulipokuwa unakandamiza. Tope hilo najua linatoka wapi. Ndani ya filta ya draya kuna chembe za kunyonya maji. Zikilowa oili kwa muda mrefu na filta ikapitiliza muda wake, zinasagika zikawa unga, unga unafuata upepo. Aliyebadilisha filta alitoa iliyosagika akafunga mpya, kazi sahihi, ila unga uliokuwa umeshapita ulibaki mbele ya safari.

Wengi wangesimama hapa. Chekivalvu mpya, draya imenyamaza, mteja anafurahi, anaondoka.

Lakini unga uliopita mlango huu uliingia mtungi wa kwanza, na kutoka mtungi wa kwanza kuna milango mingine miwili ya aina ileile. Nilimwaga kilichobaki chini ya mtungi kwenye beseni: maji machache, oili, na mashapo ya rangi ya majivu. Kwa hiyo tulirudisha draya na chekivalvu mpya, tukajaza mfumo mpaka 125, tukazima injini na kuacha swichi ikiwa imewashwa ili taa na kengele ya hatari zifanye kazi. Nikaenda chini kwenye koki ya mtungi wa kwanza.

“Kaka, utaniambia mishale yote miwili, kila inapobadilika.”

“Poa, fundi.”

Nikafungua koki mpaka mtungi wa kwanza ukaisha kabisa, sifuri, na kuiacha wazi. Sasa kila mtungi wa breki unategemea chekivalvu yake peke yake.

“Mbele mia ishirini na tano. Nyuma mia ishirini.” Kimya kidogo. “Mbele palepale. Nyuma mia na kumi.” Kwenye koki niliyoiacha wazi nilikuwa nasikia pumzi nyembamba inayotoka bila kukoma, ingawa mtungi wenyewe ulikuwa umeshaisha. “Nyuma tisini na tano, fundi. Nyuma themanini.” Haikufika dakika tano kengele ikalia, maana mshale wa nyuma ulikuwa umefika 60. Wa mbele ulikuwa bado 125.

Mzee mwenye gari alikuwa amechuchumaa pembeni na tochi. Dereva alipomtafsiria kwamba upepo wa breki zake za nyuma unatokea kwenye koki ya mtungi mwingine, alisimama.

Tufikirie jambo hili kwa Mlima Nyoka. Gari limejaa, unashuka, na hosi inayotoka kompresa au paipu ya mtungi wa kwanza inapasuka. Ni jambo la kawaida. Hosi hiyo inabeba upepo wa moto mno na inachoka. Mfumo umejengwa kwa ajili ya siku hiyo hasa. Chekivalvu zinafunga, mitungi ya breki inabaki imejaa, kengele inaanza kulia tu kadiri unavyotumia akiba, na una mikanyago kadhaa ya nguvu ya kutafuta pa kusimama. Kwenye gari hili, mtungi wa nyuma ungeanza kuisha wenyewe bila mguu kugusa pedeli. Na uzito wa gari-nyumba uko nyuma: matenki ya maji, jenereta, choo, nusu ya nyumba. Ungebaki unashuka na breki za mbele.

Na chekivalvu mbovu siku njema haionyeshi dalili. Kipimo cha dakika moja ilikipita, kwa sababu mtungi wa kwanza ulikuwa umesimama 100 na tofauti ya shinikizo kati yake na mtungi wa nyuma ilikuwa ndogo, hivyo kilichorudi kilikuwa kidogo. Ilihitaji mtungi wa kwanza uwe sifuri ndipo ionekane. Ndiyo maana namsihi kila dereva wa lori, basi au gari kama hili: kipimo cha kumwaga mtungi wa kwanza kifanye kabla ya milima, hata kama gari halina tatizo. Hakihitaji kifaa chochote, ni koki na macho mawili kwenye geji.

Lipo pia jambo linaloniuma na lazima niliseme. Chekivalvu ikiganda kwa uchafu ikiwa imefunga, mtungi unachelewa kujaa, na nimeshafungua malori ambayo mtu alitoa mpira na springi ya ndani akarudisha ganda tupu, gari likajaa haraka, kila mtu akafurahi. Gari la namna hiyo lina mitungi mitatu kwa macho na mmoja kwa ukweli. Usifanye hivyo, na ukikuta limefanywa, usilirudishe barabarani.

Tulimaliza vipimo vingine vya ndani. Tulijaza upya, tukamwaga mtungi wa nyuma mpaka sifuri: wa mbele ukasimama na hendibreki haikuruka, maana yake ile chekivalvu ya njia mbili inayoilisha hendibreki kutoka mtungi wenye nguvu zaidi ilihama upande vizuri. Tukafanya kinyume chake, ikawa vilevile. Ingekuwa inavujisha, kuisha kwa mtungi mmoja kungevuta na mwingine, na mitungi yote ikishuka kati ya PSI 45 na 20, springi za nyuma zinafunga zenyewe mahali popote ulipo, hata kwenye kona yenye utelezi.

Chini ya mtungi wa nyuma nilikuta pia kitu ambacho hakikuwekwa na kiwanda. Waliojenga nyumba walitoboa njia kwa fitingi ya T moja kwa moja kwenye mtungi wa breki, wakachukua upepo wa ngazi ya mlangoni na wa kiti cha dereva. Paipu nyembamba ya nailoni, inapita karibu na ekzosi, bila kinga yoyote. Ikikatika, mtungi wa breki za nyuma unamwagika kupitia ngazi ya kupandia. Upepo wa starehe haupaswi kuchukuliwa hivyo. Niliufunga ule mlango kwa plagi, nikauhamishia mtungi wa kwanza kupitia valvu ya ulinzi, ile inayojifunga shinikizo likishuka kama PSI 70, na paipu nikaipitisha mbali na moto. Mama mwenye gari alitaka kujua kama ngazi itafanya kazi kama zamani. Itafanya, nikamwambia kupitia dereva, ila breki zitangulie kushiba.

Kona ya mbele kushoto ilikuwa inalala usiku. Hilo ndilo lilikuwa la sabuni kweli: povu likatoka kwenye fitingi ya valvu ya usawa, ile inayorekebisha kimo cha gari juu ya mipira yake; paipu ya nailoni ilikuwa imekatwa mshazari kwa koleo. Nikaikata upya kwa wembe, sawasawa, nikaisukuma mpaka mwisho, ikaisha.

Kwenye matengenezo nilibadilisha chekivalvu zote tatu, hata ile ya mbele iliyokuwa inazuia vizuri. Najua kuna fundi atasema ni kupoteza. Imepitiwa na unga uleule, mtungi wake umeunganishwa na mtungi uleule, na ni kati ya spea za bei ndogo kabisa kwenye mfumo mzima wa breki. Hapa Mbeya zinapatikana kwa sababu malori ya Kimarekani yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita mlangoni kwetu kila saa. Mitungi niliiosha, nikaipuliza, nikaacha koki wazi ikauke. Hosi ya kompresa niliifungua nikaangalia ndani: masizi membamba ya oili iliyoungua, haijaziba. Kompresa iliyokuwa inawaka kila nusu dakika haipati nafasi ya kupoa, oili inaungua, masizi yanakwenda kwenye draya, draya inachoka zaidi. Nilishika karatasi nyeupe chini ya draya ilipotema, ikapata madoa machache ya oili. Nilimweleza mzee kwamba kompresa inafanya kazi lakini ringi zake ziangaliwe akifika nyumbani, asisubiri filta nyingine isagike.

Jambo dogo la mkononi. Fitingi za gavana mpya zilifungwa kwa utepe mweupe wa mafundi bomba, na nyuzi zake zilikuwa zinaning’inia ndani ya njia. Uzi mmoja ukikatika unakwenda kukaa chini ya mpira wa valvu, kazi ileile ya unga. Tumia gundi ya majimaji ya nyuzi za chuma, na nyuzi mbili za mwanzo za fitingi uziache kavu. Na chekivalvu ina mshale mgongoni. Mshale uelekee mtungi. Ukiifunga kinyume, mtungi hautajaa, na utaanza kulaumu kompresa.

Baada ya hapo injini ikiwa kwenye kasi ya kufanyia kazi, mfumo mzima ulipanda kutoka 85 hadi 100 chini ya sekunde 45, kiwango kinachotakiwa, pamoja na hewa yetu nyepesi. Ilipokata, draya ilitema, ikanong’ona, ikanyamaza. Geji ya mtungi wa kwanza ikabaki 125. Nikarudia kumwaga mtungi wa kwanza: mishale yote miwili ikasimama palepale, na kwenye koki iliyo wazi hapakuwa na pumzi.

Walilala kwangu uani, ilikuwa Julai. Alfajiri dereva akanigongea na uso umekunjamana: mishale yote miwili iko 115. Nikamuuliza jana jioni mitungi ilikuwa ya moto au ya baridi. Ya moto, gari lilikuwa limetoka kupimwa barabarani. Basi hesabu yake ni hii. Upepo uliofungwa kwenye mtungi wenye nyuzi 30 ukipoa mpaka nyuzi 8, shinikizo linashuka lenyewe, na kwa 125 ya hapa kwetu linafika kama 115 bila hata tone la upepo kutoka. Mitungi yote miwili ilikuwa imeshuka sawasawa, na hiyo ni dalili nyingine kwamba ni baridi. Mvujo haugawi haki kwa mitungi miwili. Tulipaka sabuni ili moyo wake utulie. Hapakuwa na povu. Masika au kiangazi, anayelala Uyole, Makambako au kule juu Kitulo asitafute tundu kabla hajafikiria baridi.

Nilimwachia kazi mbili: kila jioni afungue koki ya mtungi wa kwanza aone kama tope jeupe bado linatoka, na kabla ya Kitonga arudie kile kipimo mwenyewe. Alinipigia akiwa Ilula. Tope hakuna, maji kidogo tu. Alikuwa amezima injini na kumwaga mtungi wa kwanza mpaka sifuri, na mishale ya mbele na nyuma imesimama. Ila mama alitaka kushuka kununua vitunguu na ngazi imekataa kutoka, sasa afanyeje?

“Mwambie asubiri, kaka. Funga koki, washa, jaza mpaka draya iteme. Ngazi itakuja.”

Nikasikia injini ikiwaka. Baada ya muda draya ikatema mara moja, na akaniambia mama ameshashuka.